Nyumba Isiyoitikia Hodi

Katika ukoo wao wote, upande wa Handeni, Mhina Sadala ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata kazi ya kuvaa shati jeupe kila siku. Wenzake waliokwenda Korogwe walikata mkonge au walibeba mizigo stesheni. Yeye alikuwa mtunzaji wa Nyumba ya Picha, Old Korogwe, na mama yake, Bi Fatu, hakuchoka kulitaja jambo hilo kisimani.

Nyumba yenyewe ilikuwa makazi ya meneja mmoja wa shamba la mkonge ambaye aliondoka nchini baada ya mashamba kutaifishwa. Wilaya ilisema kwamba kilichokuwa cha mtu mmoja sasa kiwe cha wote, na chama kilipiga makofi. Basi kuta zikapakwa chokaa, sakafu ikasuguliwa kwa nta nyekundu mpaka mtu akajiona uso, na ndani zikatundikwa kazi za watu wa wilaya ile na jirani zake: picha za mwalimu Hiza wa Dindira, aliyechora mashamba ya chai yakiwa yamezama katika ukungu, vigoda na vinyago vya wachongaji wa Handeni, mikeka ya rangi iliyosukwa na akina mama wa Kwamndolwa. Juu ya mlango fundi aliandika kwa herufi kubwa: NYUMBA YA PICHA. KARIBUNI WOTE. Kuingia kulikuwa bure, na mlango ulikaa wazi tangu asubuhi hadi jioni.

Kabla ya kukabidhiwa funguo, Mhina alipelekwa Dar es Salaam kujifunza utunzaji. Huko alifundishwa kwamba picha hujisemea yenyewe. Mtunzaji mzuri hamkabili mtazamaji wala hamsemeshi mpaka aulizwe. Hukaa kando, kimya, kama hayupo. Mhina alilishika somo hilo kama mtoto wa chuoni anavyoishika alifu. Alirudi Korogwe, akaweka kiti chake nyuma ya mlango, akanyamaza.

Walikuja walimu. Walikuja makarani wa boma, wanafunzi waliopangwa mistari, na wageni wa wilaya waliovaa suti za mikono mifupi. Watu wa vijijini, ambao hasa ndio walioambiwa karibuni, hawakuingia. Mhina alisikitika kwa dhati. Alipokwenda kwao Kwemkole kwa sikukuu ya Idd, aliona hapo ndipo pa kuanzia.

Kwemkole kilikuwa kijiji kipya, nyumba zake zimenyooka kama mistari ya daftari, na watu walikuwa bado wanazoea kuishi wakisikilizana kikohozi. Wanawake walikuwa uani kwa Bi Fatu wakichambua mchele. Mhina alisimama mbele yao akawaeleza habari za picha.

"Nyumba ile ni yenu," alisema. "Njooni siku yoyote mtakayo."

Jirani yao Swaumu, ambaye ulimi wake ulikuwa haujawahi kulala njaa, aliinua mguu wake mmoja juu, uliopasuka kisigino na kupakwa vumbi jekundu la shambani.

"Tuingie na hii?"

"Na hiyohiyo, Bi Swaumu."

"Na wakituuliza tumetumwa na nani?"

"Waambieni mmealikwa na Mhina."

"Haya, mabibi, tumealikwa na Mhina!" Swaumu alipiga kigelegele cha dhihaka, wote wakacheka. Bi Fatu peke yake hakucheka. Alivuta kanga yake vizuri begani, akaendelea kupepeta kwa pozi la mtu anayetazamwa.

Hawakumwambia siku. Kwao, aliyeambiwa siku yoyote amekwisha kupewa siku. Baada ya palizi, Bi Fatu aliwakusanya wenzake, Swaumu akiwamo, wakatoka alfajiri wakatembea hadi barabara kuu, wakapata lori lililokuwa likirudi Korogwe tupu, wakavuka mto Pangani wakiwa wamesimama nyuma, wameshikana. Kila mmoja alikuwa na furushi la mihogo, kwa sababu mtu haendi kwenye nyumba ya mwenzake mikono mitupu.

Siku hiyo ndani ya Nyumba ya Picha kulikuwa na ugeni mkubwa. Bwana Laurenti, Afisa Utamaduni, alikuwa amewaleta watu kutoka Dar es Salaam, nao walisimama mbele ya picha ya ukungu wa Dindira, mikono nyuma, wamekunja nyuso za kufikiri. Mhina alikuwa akieleza. Alikuwa ameulizwa, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema, na maneno yalimtoka kwa ufasaha uliomshangaza mwenyewe: dhamira, mwanga, upeo wa macho. Bwana Laurenti alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hodi!"

Ilitoka nje, upande wa barabarani. Mhina aliijua kabla haijaisha. Sauti iliyokulea huna haja ya kuuliza ni ya nani.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini mlango wazi si ruhusa. Kuku ndiye anayeingia kwa sababu mlango uko wazi. Mtu mwenye adabu hupiga hodi, husubiri, hupiga tena, na baada ya hodi ya tatu, kama hakuna aliyeitikia, hugeuka akaenda zake bila kinyongo. Mhina alilijua hilo tangu kunyonya.

"Hodi wenyewe!"

Aliitazama sakafu. Alivitazama viatu vya wageni, vyeusi, vikitazamana na vivuli vyao ndani ya nta. Aliona, kana kwamba wameshaingia, kanga zilizofifia, mafurushi ya mihogo yenye udongo, na mguu wa Swaumu ukiinuliwa mbele ya Bwana Laurenti.

"Kuna watu nje?" mgeni mmoja aliuliza.

"Ni wauza mihogo tu," Mhina alisema. "Wataondoka."

Akaendelea na upeo wa macho. Hodi ya tatu ilipigwa kwa sauti ya chini, kama ya mtu anayetimiza wajibu. Halafu zikasikika nyayo zikienda, na Mhina akawa anaeleza jambo ambalo baadaye hakulikumbuka hata neno moja.

Wageni walipoondoka alitoka mbio. Barabara ilikuwa tupu. Alijiambia kwamba hawakusikia alichosema. Alijiambia pia kwamba pengine hakuwa mama. Alikaa na maneno hayo mawili siku kadhaa, akiyabadilishabadilisha kama mtu mwenye mawe mawili mfukoni.

Jirani wa nyumba ile alikuwa Rajnikant, mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa, ambaye barazani kwake palikuwa na benchi la kupumzikia wapita njia. Asubuhi moja alimwita Mhina kutoka dukani.

"Bwana Picha! Ile mihogo yenu tamu sana. Mke wangu Pramila amepika na nazi, watoto wamepigania ukoko."

"Mihogo gani, Bwana Rajni?"

"Akina mama wa Handeni. Walikaa hapo kwenye benchi, nikawapa maji. Mmoja akaniachia mafurushi yote. Alisema wamekuja kwa mwanawe, lakini leo hakuna mtu." Rajnikant alipunguza sauti. "Mimi nilijua umo. Sikusema. Si kazi yangu."

Mhina alilitazama lile benchi. Alihisi masikio yakipata moto.

"Lakini nikuulize," Rajnikant aliendelea, "hii ni sheria ya serikali, kutoitikia? Maana kila wiki nawaona watu wa vijijini. Wanatoka sokoni, wanasimama pale, hodi, hodi, hodi, wanakwenda. Nilidhani ndivyo mnavyotaka."

"Mlango uko wazi! Na maandishi yapo juu, karibuni wote."

"Maandishi yanaitikia?" Rajnikant alicheka, kisha akaona uso wa Mhina akaacha. "Sikiliza. Baba yangu alifungua duka hili kabla hujazaliwa. Hakuna aliyepiga hodi hapa hata siku moja. Hata mbuzi wa jirani hapigi hodi, anakula kitambaa. Kwa nini? Kwa sababu hili ni duka. Ninyi mmeandika Nyumba. Nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe amekaa nyuma ya mlango, kimya."

Mhina alirudi kwenye kiti chake, lakini hakukikalia. Alikumbuka hodi zote alizozisikia tangu nyumba ifunguliwe. Alikuwa akizisikia kama mtu anavyosikia jogoo. Alikuwa amekwenda Dar es Salaam akiwa mtoto wa watu wa hodi, akarudi amejifunza kunyamaza, na akaita kunyamaza huko ustaarabu. Kwa wale wengine angeweza kusema hakujua. Kwa mama yake alijua.

Mwezi uliofuata kamati ya wilaya ilikutana. Mavuno yalikuwa yanakaribia, maghala hayakutosha, na mjumbe mmoja alipendekeza Nyumba ya Picha igeuzwe ghala la mahindi, kwa kuwa wananchi hawaitumii. Bwana Laurenti aliitetea kadiri alivyoweza, kisha akashusha pumzi.

"Tatizo ni kwamba watu wetu wa vijijini bado hawana mwamko wa sanaa," alisema. "Au siyo, Ndugu Mhina? Wewe ni mwenyeji wa kule."

Wote walimtazama. Jibu lilikuwa tayari limekaa ulimini: walikuja, mimi ndiye niliyewafukuza. Lilikuwa jibu fupi tu.

"Ni kweli, ndugu," Mhina alisema. "Bado hawajaamka."

Kamati ikampa muda hadi mwisho wa mavuno. Kama wanavijiji watakuja, nyumba itabaki. La sivyo, mahindi yataingia.

Alitoka pale akijua kwamba sasa amewakana mara mbili, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hakushtukizwa. Jumamosi alipanda lori kwenda Kwemkole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Bi Fatu alimpokea mfuko, akamtandikia mkeka mpya, ule uliokuwa ukikaa umekunjwa darini. Akamchinjia kuku. Mhina aliutazama ubwabwa na mapaja yote mawili yaliyowekwa upande wake. Mtoto wa nyumbani hula kilichopo. Kuku huchinjiwa mgeni.

"Mama, ile siku mliyokuja—"

"Hapakuwa na mtu," Bi Fatu alisema. "Kula."

"Nilikuwamo."

"Hapakuwa na mtu, Mhina. Nimeshasema, na watu wameshanisikia nikisema." Alimwongezea mchuzi. "Unataka waje tena? Nitawaleta. Nitawaambia safari hii umo. Wewe nyamaza tu, usiende kusimama mkutanoni ukaanza maneno yako."

Mhina alidhani anaonewa huruma. Alidhani mama anataka kumkinga na aibu, na moyoni akaapa kwamba safari hii hatakubali kukingwa. Alikuwa kijana wa wakati wake. Alikuwa amesimama kwenye semina akaahidi kusema kweli daima, na alikuwa ameona wakubwa wakijikosoa mbele za watu wakapigiwa makofi. Usiku kucha alipanga maneno. Hakujiuliza hata mara moja kwa nini mama alisema kwamba watu wameshamsikia.

Kesho yake kijiji kilikutana chini ya paa la darasa la kisomo. Mzee Athuman, mwenyekiti, alimaliza habari za mbegu na zamu za shamba la pamoja, akauliza kama kuna jingine. Mhina akasimama. Aliona mama yake, aliyekaa mstari wa wanawake, akitikisa kichwa taratibu. Akaendelea kusimama.

"Ndugu zangu, akina mama walikuja Korogwe kwa mwaliko wangu. Walipiga hodi mara tatu. Nilisikia zote. Nilikuwa na wakubwa, nikawaonea aibu mama zangu. Nilipoulizwa ni nani, nikasema ni wauza mihogo. Nimekuja kuomba radhi."

Alisubiri makofi, au matusi. Badala yake Swaumu aliinuka polepole, kidole kikimwelekea si yeye, bali mama yake.

"Kumbe!" Swaumu alisema. "Kumbe masikio yangu hayana funza! Mama Mhina, si nilikwambia pale pale dirishani? Nilikwambia, huyu anayetuita wauza mihogo si Mhina huyu? Ukasemaje?"

Bi Fatu alikuwa ameinamisha uso.

"Aliapa," Swaumu aliwageukia watu. "Alisema wallahi si yeye, sauti ya mwanangu nisiijue? Njia nzima nimeomba msamaha kwa kumsingizia mtoto wa watu! Furushi langu zima la mihogo nimeliacha kwa Mhindi kwa wallahi ya mama Mhina!"

Darasa lote liliangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha ubaya mwingi. Kilikuwa cha watu waliofanya kazi wiki nzima wakapata kitu. Mzee Athuman alipiga meza, akasema kijana ameungama, na aliyeungama husamehewa. Swaumu mwenyewe alimpiga Mhina begani akamwambia, "Wewe mpumbavu, lakini angalau una mdomo. Tutakuja, na safari hii usipoitikia tutaingia kama mbuzi." Wakacheka tena. Katikati ya kicheko hicho Bi Fatu alinyanyuka, akajifunga kanga, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Hapo ndipo Mhina alipoelewa. Mama yake hakuwa akimkinga tu. Alikuwa ameweka kiapo chake juu ya aibu ya mwanawe kama mtu anavyofunika chungu, na yeye, kwa hamu ya kujisafisha, amekuja kukifunua mbele ya kijiji kizima. Aibu haikuondoka. Ilihama tu, kutoka kwake aliyeistahili, ikamkalia mama ambaye maisha yake yote hakuwahi kuitwa mwongo.

Alimfuata nyumbani. Alimkuta amekaa kizingitini akitoa maganda ya maharage.

"Mama, nisamehe. Sikujua ulikuwa umeapa."

"Nilikwambia unyamaze."

"Nilitaka kusema kweli."

"Umesema." Aliendelea kupukuchua. "Kweli ilikuwa yako, ukaisema. Wallahi ilikuwa yangu. Hukuniuliza."

Kuanzia siku hiyo Kwemkole walipata msemo. Mtoto akidanganya kwamba amekwisha kuchota maji, mtu akiahidi kuja shamba la pamoja kesho, aliambiwa, "Hiyo ni wallahi ya mama Mhina." Walisema bila chuki, na mara nyingi walisahau kama mwenyewe yuko karibu. Mhina aliusikia msemo huo hata Korogwe, sokoni, kutoka kwa muuza nyanya ambaye hakujua ulikotoka.

Alifanya yale yaliyokuwa ndani ya uwezo wake. Alimweleza Bwana Laurenti yote, pamoja na uongo wa kwenye kamati. Bwana Laurenti alisema, "Basi mimi nami nimewatukana watu bure," na akaruhusu kiti kitolewe nyuma ya mlango. Mhina akawa anashinda barazani. Aliyesimama barabarani akikohoa aliitikiwa kabla hajafungua kinywa. Wauza dagaa waliingia na nyungo zao kichwani. Wakata mkonge waliingia wakinuka mkonge. Wengi hawakutaka picha zinyamaze. Walitaka kuambiwa huyu ni nani, mtoto wa nani, na mchoraji amelipwa nini. Mhina akawaambia.

Wanawake wa Kwemkole walikuja siku tatu kabla kamati haijaketi tena. Lori liliposimama Swaumu alikuwa wa kwanza kuruka, na Mhina akashuka ngazi akawapokea barabarani, mmoja mmoja, shikamoo baada ya shikamoo. Walivua kandambili wenyewe, wakaingia, na dakika haikupita nyumba ikawa na kelele kama ya arusi. Mbele ya picha ya bibi kizee mwenye kiko, Swaumu alipiga goti akasema, "Shikamoo, bibi, tumekuja, mara ya kwanza tulikukosa!" Mwingine aliulaumu ukungu wa Dindira kwa kumtia baridi ya mifupa. Bwana Laurenti alisimama kona akitabasamu, na ilikuwa dhahiri kwamba mahindi yatatafutiwa mahali pengine.

Mhina aliwahesabu kwa macho, akaona mama yake hayumo, akatoka nje.

Bi Fatu alikuwa kwenye benchi la Rajnikant, mgongo umeegemea ukuta wa duka, mikono mapajani. Alikuwa amekuja na wenzake kwenye lori lile lile. Pramila alikuwa amemletea kikombe cha chai, nacho kilikuwa bado kimejaa.

"Mama, karibu ndani."

"Nimekaribia. Hapa panatosha."

"Kila kitu kiko tayari. Kuna mikeka, utaipenda. Twende nikuoneshe mimi mwenyewe."

"Nikiingia watasema neno lao," Bi Fatu alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya barabara. "Watacheka. Si vibaya kucheka. Lakini leo miguu yangu haitaki kuchekwa kwenye nyumba yako."

"Basi nitakaa hapa na wewe."

Kutoka ndani Swaumu alipaza sauti, akiuliza kwa nini mwenye nyumba amekimbia na wao hawajamaliza maswali. Kicheko kikafuata. Mhina hakusogea. Alijaribu kukaa kwenye benchi kando ya mama yake, naye Bi Fatu akaweka kiganja pale alipotaka kukaa.

"Rudi ndani, Mhina," alisema. "Una wageni."

Alirudi. Mwanamke mmoja alimshika mkono, akampeleka mbele ya mkeka, akamuuliza ile rangi ya zambarau wanaipataje. Mhina alijua jibu. Alianza kulieleza, akasita, akaomba aulizwe tena.